Dirisha la utosini

"Hapo hapaguswi."

Bibi alishaweka kiganja juu ya kichwa cha mjukuu wake kabla hata sijafungua chupa ya jeli. Hakuwa mkali, ila ule mkono ulikaa pale kama kifuniko cha chungu na haukuwa na dalili ya kutoka. Mtoto wa kike, wiki sita, kofia ya sufi ya njano, na chini ya kofia utosi umepakwa mafuta ya nazi na kitu cheusi ambacho sikuuliza ni nini. Mama mtu alikaa pembeni amekumbatia kadi ya kliniki, hasemi kitu.

Nikaamkia upya, maana nilihisi ile shikamoo ya mlangoni ilikuwa ya haraka. Bibi akaitikia, halafu akanieleza taratibu kwamba utosi ni mlango, mtoto bado hajafungwa vizuri, na mlango wa mtu hauchezewi na kila mpita njia.

Nikamwambia, bibi ni kweli ni mlango, ndo maana nataka kuchungulia hapo hapo.

Sikuwa nimepanga kusema hivyo, ila ndivyo ilivyo. Mfupa wa fuvu unazuia mawimbi ya ultrasaundi, na mtoto mchanga ana hiyo sehemu laini ambayo mfupa haujafika, itakuja kufunga akiwa na mwaka mpaka mwaka na nusu hivi, na kabla haijafunga sisi watu wa skani tunaweza kuuona ubongo wake bila mionzi, bila sindano, bila hata kumwamsha.

Bibi akatoa mkono.

"Polepole basi."

Leo ni wiki ya tisa tangu siku ile na bado nainuka nayo asubuhi, kwa hiyo nimeona bora niandike.

Chumvi iliyomwagika

Walikuja kwangu kwa sababu ya futikamba. Kliniki kulikuwa na nesi kijana, yuko mafunzoni, akampima mtoto mzunguko wa kichwa akapata sentimita 34, akarudia, akapata 34 tena, akaenda kuangalia chati. Sentimita 34 ni kichwa cha mtoto aliyezaliwa leo. Huyu alikuwa na wiki sita.

Nikaweka probu, kile kichwa cha mashine ninachokishika mkononi, utosini na picha ya kwanza ikaja vizuri tu. Ubongo wa mtoto kwenye monita ni wa kijivu, na katikati kuna vyumba vya maji, vyeusi, vyembamba kama mbawa za mbayuwayu. Vya huyu vilikuwa vipana kidogo. Nikainamisha probu nyuma, na hapo nikaona kwenye kuta za vile vyumba kuna vidoti vyeupe, pembezoni kote, kama mtu amemwaga chumvi akasahau kufuta. Halafu ndani zaidi mishipa midogo ya damu iling'aa kama matawi ya kinara.

Nikahamisha probu upande wa pili nikitumaini labda ni mashine. Vilikuwepo pia.

Vile vidoti ni kalsiamu. Sehemu ya ubongo ikiungua kwa maambukizi ikafa, mwili unaacha chokaa pale, kovu linalong'aa, na yakikaa namna ile kuzunguka vyumba vya maji kitu cha kwanza anachokifikiria mtu wa kazi yangu ni kirusi kinachoitwa sitomegalo, CMV kwa kifupi. Wewe unayesoma hapa uwezekano mkubwa unacho, mimi ninacho, tulikipata utotoni tukahisi mafua au hatukuhisi chochote, na kinakaa mwilini maisha yote kimetulia. Shida ni kikimfikia mtoto tumboni. Inakadiriwa kama mtoto 1 kwa kila 200 duniani anazaliwa nacho, na kati ya hao karibu 1 kwa 10 ndo anazaliwa na dalili unazoweza kuziona. Wengine wanaonekana wazima kabisa na baadhi yao wanakuja kupoteza usikivu baadaye, polepole, nyumba nzima ikidhani mtoto ni mkaidi.

Miaka 11 nafanya hii kazi. Picha kama ile nilikuwa nimeiona mara mbili tu.

"Wewe si ndo ulinipima?"

Utaratibu wetu ni kwamba mtu wa skani haongei. Unaandika ripoti, unampa mgonjwa, daktari ndo anasema. Nimeutetea sana huu utaratibu mbele ya wanafunzi, kwa sababu picha moja ina maelezo mengi na mimi si daktari wa watoto. Kwa hiyo mama aliponiuliza unaona nini dada, nikasema daktari atakueleza vizuri mdogo wangu.

Akaniangalia muda mrefu.

"Wewe si ndo ulinipima mimba? Ulisema yuko sawa."

Akafungua kadi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Wiki ya 22. Mapigo ya moyo, kondo la nyuma, kichwa, tumbo, mfupa wa paja, vyote nimeviandika mimi kwa mwandiko wangu, na chini kabisa sahihi yangu.

Sikujibu kitu. Nilimfuta mtoto jeli kichwani, nikamfuta tena sehemu ambayo ilishakuwa kavu.

Daftari

Siku ile sikuondoka mapema. Nilitafuta daftari la miezi iliyopita nikakuta jina lake, la 31 kati ya akina mama 43 wa siku hiyo. Nikakaa pale najaribu kumkumbuka na sikumkumbuka, na hicho ndo kilichoniuma kuliko yote, kwamba yeye alinikumbuka sura mimi nilikuwa nimempita kama namba.

Hivi niliona nini siku ile? Au niliangalia nini?

Nimejibishana na nafsi yangu kwa wiki kadhaa. Upande mmoja nasema kirusi kinaweza kuingia muda wowote wa mimba, huenda wiki ya 22 hakikuwa kimefika, huenda kilikuwa kimefika ila hakijaacha alama, na skani yenye sura nzuri haijawahi kuwa cheti cha kwamba mtoto hana maambukizi. Hilo ni kweli, wala si kujitetea. Tena wataalamu wanaosoma picha za MRI, ile mashine kubwa ya sumaku, wanaweza hata kukadiria kirusi kiliingia lini, kwa sababu ubongo unajijenga kwa ratiba. Ukishambuliwa mapema sana, kabla ya wiki ya 18 hivi, unaweza kubaki laini hauna mikunjo, ukishambuliwa kati ya wiki ya 18 na 24 mikunjo inakuja midogo midogo mingi isiyo na mpangilio, na baada ya hapo mikunjo inakaa sawa ila ile sehemu nyeupe ya ndani inabaki na madoa.

Upande wa pili nasema vyumba vya maji ya ubongo vinapimika tumboni. Milimita 10 ndo mpaka, ikifika hapo au ikizidi mama arudi aangaliwe tena. Mimi kwa foleni ya watu 43 napima kichwa kwa nje, saizi yake, basi. Sipimi vyumba kama hakuna sababu. Na sababu itatoka wapi kama hujapima?

Picha ya siku ile haipo. Mashine yetu haihifadhi, inajaa, inafutwa.

Kwa hiyo sitajua. Mwenzangu wa zamu aliniambia niachane nayo, kila mtu ana wake, na najua alisema kwa upendo, lakini kuna mambo ambayo ukiambiwa uachane nayo ndo yanakaa vizuri zaidi.

Siku 21

Kilichonigeuza ni faili la mtoto mwenyewe. Daktari aliliomba kutoka alikojifungulia mama, sitapataja, na sisi wawili tukalisoma tumesimama koridoni. Alizaliwa miezi imetimia ila mdogo, macho ya manjano, na mtu ameandika "vipele vyekundu mwilini". Vipele vidogo vyekundu kwa mtoto wa siku moja mwenye manjano na uzito mdogo, mara nyingi si vipele hata kidogo, ni damu inayovuja chini ya ngozi kwa sababu chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimepungua. Pale kwenye nafasi ya mzunguko wa kichwa pako wazi.

Wakaruhusiwa siku ya tatu.

Sasa hapa ndo penye uchungu. Kuna siku 21. Ukichukua mkojo au mate ya mtoto ndani ya wiki tatu za kwanza ukayapima kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, na kirusi kikaonekana, unajua kwa uhakika kwamba amezaliwa nacho. Zikipita hizo siku huwezi tena kujua kwa kipimo hicho, maana anaweza kuwa amekipata wakati wa kuzaliwa au kwenye maziwa ya mama, na kwa kwetu huku watoto wengi sana wanakipata hivyo mwaka wa kwanza bila madhara yoyote. Na dawa ipo pia, valgansaikloviri, mara mbili kwa siku kwa miezi 6, lakini utafiti wa Marekani uliochapishwa 2015 na kuonyesha inasaidia kiasi kwenye usikivu na ukuaji uliwahusu watoto walioanza ndani ya siku 30 za kwanza. Na si dawa ya kuchezea, inashusha chembe nyeupe za damu, lazima damu ipimwe kila mara.

Huyu alikuja kwangu ana siku 43.

Nawaza sana kuhusu ile karatasi ya tone la damu. Mtoto wa mama mwenye VVU anachomwa kisigino, damu inadondoshwa kwenye karatasi, inakaushwa, inapanda basi kwenda maabara kubwa, na kazi hiyo tumeifanya kwa miaka mingi mpaka wilayani ndani kabisa. Yaani tunajua kufanya. Mikono inajua. Ni kwamba hiki kirusi kingine hakuna aliyetuambia tukitafute, na kichwa kupimwa kwa futikamba ambayo bei yake ni ya soda kikaachwa wazi.

Daktari aliandika CMV inayodhaniwa. Neno "inayodhaniwa" litamfuata huyu mtoto maisha yake yote, kwa sababu picha peke yake haiapi. Toksoplazma, maambukizi ya vimelea, nayo inaacha chokaa kwenye ubongo. Kuna hata ugonjwa wa kurithi unaoiga picha hii karibu kila kitu.

Recife

Nilipoanza kusoma usiku nikajikuta Brazil, mji wa Recife, mwaka 2015. Mnakumbuka Zika, kile kirusi cha mbu. Nilichokuwa sikijui ni ilivyoanza: daktari wa watoto wa mishipa ya fahamu, Vanessa van der Linden, alianza kupokea watoto wenye vichwa vidogo mmoja baada ya mwingine, na mama yake mzazi Ana, ambaye naye ni daktari wa fani hiyo hiyo mji huo huo, akawa anaona vile vile kazini kwake. Vipimo vya magonjwa tuliyozoea, CMV, rubela, toksoplazma, vikawa havieleweshi.

Halafu picha. Kwenye CT skani, ile eksirei ya tabaka tabaka, chokaa ilikuwepo, ila haikukaa pale inapokaa ya CMV. CMV inapenda pembezoni mwa vyumba vya maji. Hii ilikaa nje zaidi, kwenye mpaka wa ganda la ubongo na sehemu nyeupe. Tofauti ya sentimita chache tu, na mtu aliyezoea kuangalia akasema hapana, hiki ni kitu kingine. Tarehe 1 Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa.

Nilisimama hapo muda. Kirusi kile kiligunduliwa 1947 kwa nyani kwenye msitu wa Zika, hapo Entebbe, jirani zetu kabisa, kikaitwa jina la msitu, na miaka karibu 70 dunia ikakiona kihoma kidogo tu. Na jina lenyewe kwa sisi Waswahili linasikika vibaya, amri ya kuzika. Nimewahi kumwona mjamzito akishtuka kuisikia redioni.

Lakini kilichobaki kichwani kwangu ni wale wawili, mama na binti yake. Hawakuwa na jibu. Waliangalia vizuri, wakaambiana.

Atanisikia?

Daktari alipomaliza kueleza, mama alirudi kwangu, si kwa daktari. Alisimama mlangoni na swali moja tu.

"Kwa hiyo hiyo picha inasema atanisikia?"

Ningependa kusema nilijibu vizuri. Nilianza kuzungumzia MRI. Nikamwambia inaona zaidi ya ultrasaundi, mikunjo na sehemu nyeupe, na kwamba mtoto mdogo hahitaji hata kulazwa usingizi wa dawa, unamnyonyesha ashibe, unamfunga kwenye kanga yake, unamziba masikio kwa sababu ile mashine inapiga kelele kama mtu anagonga bati, akilala ndo anaingizwa. Nikamwambia iko Dar. Nikaendelea hata na vile vimashine vidogo vya MRI vya magurudumu, na kwamba Mbarara, Uganda, mwaka 2022 watu wa chuo kikuu cha pale na wenzao wa Leiden, Uholanzi, walijiungia mashine ya aina hiyo ya nguvu ndogo kwa ajili ya vichwa vya watoto, na siku moja na sisi.

Akasubiri nimalize.

"Dada. Atanisikia?"

Hapana, haisemi. Hilo ndo jibu. Picha inaonyesha kilichopita. Mtoto mwenye picha safi kabisa anaweza kupoteza usikivu, na mtoto mwenye madoa akaja kucheka akisikia sauti ya baba yake getini. Picha ikiwa mbaya sana, mikunjo haipo, ubongo mdogo, hapo inatabiri mengi na tusidanganyane. Lakini hii ya huyu mtoto ilikuwa katikati, na katikati ndo pagumu, kwa mama na kwa anayesoma. Masikio yanapimwa kama masikio, kwa mashine yake, na yanapimwa tena na tena miaka ya mwanzo kwa sababu leo anaweza kufaulu na mwakani asifaulu.

Nikamwambia hivyo, kwa maneno hayo hayo. Nilivunja utaratibu. Alilia, na mimi nikakaa naye kwenye benchi la nje mpaka bibi alipokuja kumchukua.

Mate

Nilidhani nimemaliza, kumbe swali lingine lilikuwa linakuja. Bibi alitaka kujua mkwe wake alikitoa wapi.

Kwenye familia zetu swali hilo halina maana moja. Ugonjwa umempata mtoto tumboni, kwa hiyo mama alifanya nini, alikwenda wapi, alikuwa na nani. Nikaona shingo ya yule mama inavyoinama.

Nikasema bibi, hiki kinakaa kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo. Mama ana mtoto mwingine wa miaka miwili. Anamlisha uji kwa kijiko hicho hicho, anamalizia kilichobaki, anambusu mdomoni, anambadilisha nepi. Ndivyo kinavyopita, kwa mapenzi tu, na hata mwanamke aliyekuwa nacho tangu utoto kinaweza kuamka tena au akapata aina nyingine ya kirusi hicho hicho akiwa mjamzito.

Nilijuta nikiwa bado naongea. Nilikuwa nimemtoa mama kwenye lawama moja nikampa nyingine, sasa atamwangalia mtoto wake wa kwanza akiwa na kijiko mkononi na kuwaza. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kusema. Kwa mjamzito ambaye hajajifungua nitasema kila siku: nawa mikono baada ya nepi, usimalizie uji wa mtoto, mbusu kwenye paji la uso. Kwa aliyekwisha kujifungua, maneno hayo hayo ni kisu.

Bibi alinyamaza sana. Halafu akasema, "Hata mimi namalizia uji wake."

Akamgeukia mkwewe. "Basi usimwachishe ziwa," akasema, kwa sababu inaonekana nyumbani hilo lilikuwa limeshaanza kuzungumzwa. Nikadakia haraka kwamba ndio, asimwachishe, mtoto aliyetimiza miezi anyonye kama kawaida, maziwa hayamwongezei madhara.

Jumanne

Walirudi Jumanne iliyopita. Walishakwenda Dar, masikio yamepimwa akiwa amelala, waya zimebandikwa kichwani: la kushoto linajibu vizuri, la kulia linajibu kwa shida. Wamepangiwa kurudi baada ya miezi mitatu. Kifaa cha kusikilizia kimeshatajwa, na mama alikuwa ameandika kila kitu kwenye daftari la shule la mstari mmoja, na tarehe.

Mimi siku hizi natembea na futikamba mfukoni. Nimenunua sita, tatu nimezipeleka wodi ya wazazi na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Na kwa wajawazito napima vyumba vya maji, kila mmoja, foleni ikilalamika inalalamika. Wiki iliyopita nilikuta mmoja ana milimita 11 nikamwandikia arudi.

Bibi alikaa na mtoto mapajani, upande wa kulia akaongea naye kwa sauti ya juu, upande wa kushoto kwa sauti ya kawaida. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Akaivua kofia mwenyewe. Utosi ulikuwa msafi, ameufuta nyumbani kabla ya kuja.

"Unafunga lini huu?"

Nikamwambia bado, labda mwakani.

"Haya, angalia."

Nikapasha jeli kwenye kiganja kwanza ili isimshtue, nikaanzia upande wa kushoto.